Miaka miwili gym, ila mzee mwembamba Kibaigwa kabeba gunia lililonishinda. Nguvu inatoka wapi hasa?

Kijana_AreaC

Wakuu habari za jioni, naomba wenye elimu ya mwili mnisaidie maana hili jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi.

Mi nipo hapa Dodoma mjini, Area C, huu ni mwaka wa pili nafanya gym, siku nne kwa wiki sikosi, benchi napiga kilo 80 na skwati nafika kilo 100 japo sirudii mara nyingi. Mwili umejaa, mashati ya zamani hayafungi kifuani. Jumamosi baba mdogo akaniomba nimsindikize sokoni Kibaigwa, alikuwa na mahindi yake kutoka Kiteto anataka kuyahamishia kwenye Fuso nyingine. Kufika tukakuta kuli wawili tu ndo wako huru, wengine wameshachukuliwa, nikaona isiwe tabu, nikavua shati nikasema na mimi nabeba.

Wakanipandishia mgongoni kama wanavyopandishiana wenyewe, mmoja huku mwingine kule, wakaachia. Nilipiga hatua tatu. Wala sikusikia maumivu, ni kwamba miguu ilianza kucheza yenyewe, goti linaenda pembeni, mgongo na tumbo na mapaja vimekaza vyote kwa pamoja mpaka pumzi haiingii, wakaliwahi kabla sijaenda nalo chini. Akaja mzee mmoja, namkadiria miaka 55 hivi, mkono wake ukiuweka na wangu ni nusu. Akabeba gunia lilelile, akapanda ule ubao wa kuingilia kwenye Fuso, akatua, akarudi kuchukua lingine. Nilihesabu mpaka 14 na yeye muda wote anaongea na wenzie.

Afu jioni tumekaa kula, nikashika chupa ya chai nimimine, mkono unatetemeka, chai ikamwagikia kwenye sahani ya chapati, baba mdogo akaichukua chupa akamimina yeye bila kusema neno.

Sasa swali langu, kama nguvu ni ukubwa wa msuli huyu mzee anaitoa wapi, na kwanini mikono inatetemeka hata kwenye kitu kidogo kama chupa ya chai? Nataka kuelewa kabisa, siyo kuambiwa tu nile dona.

---

Fizio_Dom

Mkuu umeuliza swali ambalo wagonjwa wangu wengi wangelijua jibu lake wangefanya mazoezi yao kwa moyo zaidi. Mimi ni mtu wa mazoezi tiba hapahapa Dodoma, kila siku nakaa na watu wenye misuli mizima kabisa ambayo haiinui hata kijiko, kwa sababu neva inayoiamrisha imeumia. Msuli peke yake hauna akili, ni mashine inayosubiri amri.

Iko hivi. Ndani ya uti wa mgongo, upande wa mbele, kuna seli za neva (wengine mnaita mishipa ya fahamu) na kila seli inatoa waya mmoja mrefu mpaka kwenye msuli. Waya ukifika ndani ya msuli unagawanyika matawi, kila tawi linaenda kwenye uzi mmoja wa msuli. Neva moja na nyuzi zake zote ndo tunaita mota yuniti, jina lililoletwa na Mwingereza Charles Sherrington miaka ya 1920, yeye alipata Nobel mwaka 1932 kwa kazi yake ya neva.

Chukulia ni balozi wa nyumba kumi. Balozi akipiga filimbi nyumba zake zote zinatoka, hakuna inayobaki ndani na hakuna inayotoka nusu. Ila mabalozi hawalingani. Kwenye misuli inayogeuza jicho balozi mmoja anaweza kuwa na nyuzi kumi hivi, ndo maana jicho lako sasa hivi linatoka herufi moja kwenda nyingine bila kupitiliza. Kwenye kigimbi balozi mmoja anaweza kuwa na nyuzi zaidi ya elfu moja, huko hakuhitajiki ufundi wa kusoma herufi, kunahitajika kusukuma mwili mzima.

Sasa mwili unapataje nguvu kidogo au nyingi wakati kila nyumba inatoka nzima? Kwanza kwa idadi ya mabalozi wanaoitwa. Na hawaitwi ovyo, wanaanza wadogo, wenye nyuzi chache zisizochoka haraka, mzigo ukizidi ndo wanaitwa wakubwa wenye nyuzi za kasi zenye nguvu nyingi lakini zinazochoka upesi. Utaratibu huu Mmarekani Elwood Henneman aliuonyesha miaka ya 1950 na 60 na mpaka leo ndo tunautumia kuelezea. Kushika kikombe ni mabalozi wadogo, kubeba gunia ni mtaa mzima.

Pili ni filimbi inapigwa mara ngapi. Filimbi moja inaleta mkazo mmoja mfupi afu uzi unalegea, ndani ya kama sehemu ya kumi ya sekunde tu. Lakini filimbi ya pili ikija kabla haujalegea, nguvu inapandia juu ya ile ya kwanza. Kazi nyepesi balozi anapiga kama mara 8 kwa sekunde, ukikaza kweli anapiga 30 na zaidi, hapo mikazo inaungana inakuwa mvuto mmoja uliotulia.

Na pale neva inapokutana na uzi kuna kauwazi kadogo sana ambako umeme haupiti. Neva inamwaga dawa yake inaitwa asetilikolini, inavuka, inafungua milango kwenye uzi, umeme mpya unakimbia juu ya uzi mpaka ndani, kalsiamu inafunguliwa, ndo vichwa vya mayosini vinaikamata aktini na kuivuta (hizo ni protini mbili zilizojipanga kama nyuzi nyembamba ndani ya uzi wa msuli). Umeona mtu anavyovuta ndoo kutoka kisima kirefu, mkono huu ukishika ule unaachia unakwenda kushika mbele? Ndivyo hivyo, vichwa vingi sana kwa pamoja, na kila kichwa kuachia kinahitaji ATP, ndo mafuta yanayoendesha seli. Maiti inakakamaa kwa sababu hiyo, ATP imeisha, vichwa vimeshika na haviachii. Mwaka 1954 makundi mawili tofauti yalieleza jinsi nyuzi hizo zinavyoteleza moja juu ya nyingine, moja lilikuwa na Andrew Huxley na lingine na Hugh Huxley, na wala hawakuwa ndugu.

Turudi kwa mzee wako. Ukubwa wa msuli ni idadi ya nyuzi na unene wake, hapo unamshinda. Lakini yeye neva zake zinaijua hiyo kazi, nani aitwe, aitwe lini, na zaidi ya yote nani anyamaze. Umesema mwenyewe mgongo, tumbo na mapaja vilikaza kwa pamoja. Msuli wa mbele wa paja unanyoosha goti, wa nyuma unalikunja, wewe uliita wote wawili kwa nguvu wakawa wanavutana wenyewe kwa wenyewe, gharama umelipa mara mbili na gunia halijaenda popote. Mwili ukiogopa mzigo usioujua unafanya hivyo. Mzee aliyezoea anawaita wanaohitajika tu. Ndo maana hata mtu akianza gym wiki za mwanzo kilo zinapanda wakati mkono bado ni uleule, wanaojifunza kwanza ni mabalozi, nyama inakuja baadaye.

Kutetemeka narudi kukujibu, kuna mgonjwa ananisubiri.

---

Nkuhungu_Finest

Wakuu mi nilisikia binadamu tunatumia asilimia 10 tu ya nguvu za misuli yetu, zilizobaki ubongo umezifungia mpaka siku ya hatari, ndo maana mtu akikimbizwa na tembo anaruka ukuta ambao siku nyingine haruki. Kuli wameshajifunza kuzifungua.

---

Mwl_Baiolojia

Ndugu yangu wa Nkuhungu hiyo ya asilimia 10 naomba tuiache, naisikia hata darasani kila mwaka na naisahihisha kila mwaka. Kipimo chake kipo. Mwaka 1954 mtafiti mmoja anaitwa Merton, huko Uingereza, alimwambia mtu akaze msuli wa kidole gumba kwa nguvu zake zote, afu wakati anakaza anaipiga ile neva kwa umeme. Kama kungekuwa na mabalozi waliolala, umeme ungewaamsha na nguvu ingeruka juu. Haikuongezeka. Wengine wamerudia kwa misuli tofauti na mtu mzima mwenye afya, akijitahidi kweli, mara nyingi anafika zaidi ya asilimia 90 kwa msuli mmoja mmoja.

Kwahiyo kwa kijana wetu tatizo siyo kwamba paja lake lina nguvu iliyofungiwa stoo. Kubeba gunia ni misuli mingi sana kupokezana kwa mpangilio, huo mpangilio ndo hana. Benchi umelala juu ya kitu kisichotikisika, chuma kinapanda na kushuka njia moja. Gunia la mahindi linahama, punje zinamiminika upande huu, unarekebisha, zinamiminika kule. Kila hatua ni hesabu mpya.

Niongeze kwenye nyuzi, maana nipo na watu wa Singida hapa ofisini na wakisikia habari ya misuli lazima wamtaje Simbu. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, kwenye mashindano ya dunia pale Tokyo Septemba 2025 alikimbia kilomita 42 na ushee kwa masaa 2:09:48, akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Huwezi kukimbia masaa mawili kwa nyuzi za kasi, hizo zinakwisha mapema, zinazokubeba ni zile za polepole zenye damu nyingi na hewa nyingi. Lakini mita za mwisho pale unawaita na mabalozi wakubwa, na mshindi ni yule ambaye bado anao wa kuwaita baada ya yote yale. Mimi nilisimama mbele ya tv nikalia, sioni aibu kusema.

---

Mbeba_Mizigo_KBG

Mi nabeba hapo Kibaigwa mwaka wa 11 huu, mambo ya mayosini siyajui ila alichosema daktari kuhusu kukaza kila kitu ni kweli kabisa, vijana wote wageni wanafanya hivyo, unamuona shingo imesimama mishipa na meno ameuma, unajua huyu hafiki kwenye gari.

Hakuna aliyeanza na gunia la mahindi. Mimi nilianza na debe, nikaja gunia la alizeti maana ni jepesi, miezi kadhaa ndo nikapewa mahindi. Mwanzo unadhani unabeba kwa mabega, ukizoea unajua unabeba kwa kukaa chini ya mzigo. Gunia likae juu kabisa nyuma ya shingo na mabegani, ukiliacha lishuke kiunoni limekushinda. Unainama kidogo tu kutokea kwenye nyonga, unakanyaga unyayo mzima, hatua fupi, macho mbele siyo chini. Pumzi unashika wakati wanakuachia mzigo, ukishatulia unaanza kupumua kidogokidogo. Yule mzee kuongea siyo kwamba anajionyesha, ukiweza kuongea maana yake mwili umelegea panapotakiwa kulegea.

Na kwenye ubao wa kupandia usisimame. Ukisimama ubao unanesa unaanza kutetemeka, ukitetemeka umekwisha.

Ila kijana nakwambia kama mdogo wangu, usitamani sana. Lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, zimekatazwa na sheria lakini bado zinakuja, gunia unaambiwa kilo 100 unalisikia kabisa hili siyo 100, na mgongo wangu wa chini asubuhi siku hizi nauamsha taratibu kama mtoto mchanga.

---

Fizio_Dom

Nimerudi. Kaka wa Kibaigwa umefundisha vizuri kuliko mimi, na huo mgongo naomba uje uonwe kabla haujaanza kushuka mguuni na ganzi.

Kutetemeka sasa. Msuli una vipimo vyake ndani, vinahisi urefu na mvuto na kupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, amri inarudi. Neva za mkono zinapeleka amri kwa mita 50 mpaka 60 kwa sekunde, ni haraka ila siyo papo hapo, kwahiyo kila rekebisho linafika limechelewa kidogo, mwili umeshapitiliza, unarekebisha tena upande wa pili. Kila mtu anatetemeka hivyo, ni kadogo tu hukaoni. Ukishachoka kanakuwa kakubwa. Wale mabalozi wadogo ambao kawaida ndo wanashika chupa ya chai wamechoka, nyuzi zao hazitoi nguvu ya kawaida, inabidi aitwe balozi mkubwa kwa kazi ndogo. Yeye filimbi yake moja inatoa nyuzi mamia, hawezi kuongeza nguvu kidogo, anaongeza kwa kurukia. Ndo chai inaishia kwenye chapati. Ukilala, ukala, inaisha. Isipoisha siku kadhaa, au mkojo ukawa na rangi kama ya kokakola baada ya kazi nzito, hiyo siyo ya kusubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo, ni misuli imevunjika na inaweza kuziba figo.

---

Mama_Zabibu

Jamani naomba niulize hapo kwenye asetilikolini maana nimeshtuka. Mimi nalima zabibu Mpunguzi. Msimu mmoja nilipuliza dawa ya wadudu asubuhi nzima bila kujifunika uso, upepo ulikuwa unanirudishia. Saa sita mate yanajaa mdomoni, jasho, macho yanaona ukungu, afu kope ya kushoto na nyama ya paja vikaanza kuchezacheza vyenyewe chini ya ngozi kama kuna mdudu anatembea. Mikono ikalegea nikashindwa kufunga kifuniko cha bomba la mgongoni. Ni kitu kimoja?

---

Fizio_Dom

Dada pole sana, na ndiyo, ni palepale. Asetilikolini ikishafanya kazi inatakiwa ifutwe haraka na kimeng'enya kilichopo palepale, ili uzi usubiri amri nyingine. Kuna dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti zinazokifunga hicho kimeng'enya, ndivyo zinavyomuua mdudu na ndivyo zinavyomuumiza binadamu. Asetilikolini haifutwi, uzi unaendelea kuambiwa kaza kaza kaza, unachezacheza, mwisho unashindwa kuitika kabisa. Mikono kulegea tunaweza kuvumilia, ila misuli ya kupumua nayo ni misuli. Siku ikitokea tena vua nguo zote ulizopulizia nazo, oga kwa maji mengi na sabuni, kimbia hospitali na chupa ya dawa mkononi waone jina lake. Ila bora isitokee, funika pua na mdomo, vaa mikono mirefu na glavu, puliza upepo ukiwa mgongoni kwako.

---

Binti_Kondoa

Na mimi nimesoma uzi wote kimya kimya, sasa naomba niseme. Mama yangu mkubwa alipata polio akiwa na miaka mitatu, mguu wa kulia ukabaki mwembamba ila alitembea, amelima, amezaa wanne, ndoo ya maji kichwani maisha yake yote. Sasa ana miaka zaidi ya 60 na mguu unamkataa tena, siyo ule mwembamba tu hata ule mzima. Majirani wanasema amerogwa, wengine wanamwambia ni uvivu wa uzee. Yeye analia usiku anasema ugonjwa umerudi kumchukua.

---

Fizio_Dom

Mwambie mama hajarogwa na siyo mvivu, kinyume chake kabisa.

Polio inaua wale mabalozi wenyewe, zile seli za mbele ya uti wa mgongo. Nyumba zao zinabaki yatima, uzi wa msuli usio na neva unakonda na kufa. Lakini mabalozi waliopona hawakukaa kimya, neva zao zilichipua matawi mapya yakaenda kuchukua nyuzi yatima za jirani, balozi aliyekuwa na nyuzi mia akajikuta na mamia. Ndo maana alisimama akatembea. Mama yako amelima na kuzaa na kubeba maji miaka 50 kwa mabalozi wachache waliobeba familia za wenzao. Hata kwenye ule mguu mnaouita mzima huenda baadhi walikufa na hakuna aliyejua.

Baada ya miaka mingi namna hiyo wanachoka, yale matawi ya ziada yanaanza kukatika na nguvu inapungua tena. Hali hii inajulikana hospitali, huwa inakuja miaka 15 na zaidi baada ya polio yenyewe, na siyo virusi vimerudi, hawezi kumwambukiza mjukuu. Ila mleteni apimwe, kwa sababu kuna mengine yanayofanana nayo kama uti wa mgongo kubanwa, au sukari, au tezi ya shingo, na hayo yana dawa zake.

Wakati mnasubiri, asijilazimishe mpaka aishiwe nguvu, kwa mtu kama yeye kufanya kazi mpaka msuli ukatae ni kumuumiza balozi aliyebaki. Afanye kidogo apumzike, afanye kidogo apumzike. Ndoo ya maji wabebe wajukuu.

---

Binti_Kondoa

Nimemsomea majibu yote kwa simu, na ile ya kuchukua yatima nimeisoma mara mbili. Amekaa kimya muda, afu akaniuliza ni saa ngapi basi la Dodoma linatoka Alhamisi.

---

Kijana_AreaC

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea uzi utafika huku. Kaka wa Kibaigwa, nimeongea na baba mdogo, ana mzigo wa alizeti wiki mbili zijazo, nitakuja na nitaanza na debe kama ulivyosema, naomba unisimamie. Daktari, nauli ya kaka wa Kibaigwa ya kuja kuonwa mgongo naitoa mimi, nitumie siku uliyopo kliniki inbox.